Kusoma Pakiti, Kuhoji Sufuria

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumhoji mama kama ninavyohoji pakiti. Nilisimama mlangoni pa jiko lake, kijijini Iyula, daftari mkononi, nikamuuliza mafuta haya ni ya nini, karanga zimetwangwa kwenye kinu gani, mwiko huu jana ulikoroga nini, na sufuria hii ilipikiwa nini kabla ya mboga yangu. Alijibu swali moja moja bila kuinua macho. Tulipofika kwenye sufuria, aliifunika, akaibeba ikiwa ya moto vile vile, akaipeleka kwa jirani. Aliporudi aliniwekea viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi.

"Chumvi nayo sikujua imetoka wapi," alisema.

Nilikula viazi vile vyote, na aibu haikunizuia kuandika kwenye daftari kwamba siku hiyo sikukosea. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani katika ofisi ndogo ya wakala wa forodha Tunduma, enzi ambazo bado tulikuwa Mkoa wa Mbeya. Kazi ile hakuna aliyenifundisha. Niliishia kidato cha nne kwa matokeo nisiyopenda kuyataja mpaka leo, nikajifunza fomu kwa kunakili zile zilizokosewa na kutupwa. Nilikagua kila karatasi mara tatu. Siku moja nilikagua mara tatu na bado nikawa nimegeuza tarakimu mbili katika idadi ya ng'ombe. Lori lao lilizuiwa kuvuka. Lilisimama siku mbili juani, kwenye foleni isiyosogea, huku karatasi zikirekebishwa.

Nilikwenda kuliangalia. Ng'ombe mmoja alikuwa ameanguka, na wenzake hawakuwa na pengine pa kukanyaga. Dereva hakunigombeza, wala sijui kama alijua kuwa ni mimi. Aliniuliza tu kama karibu na pale kuna bomba.

Wiki ile niliacha nyama. Baadaye niliacha maziwa, mayai, hata asali. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa huruma, na huruma ilikuwepo. Lakini zaidi nilitaka kuwe na jambo moja maishani mwangu nisilokosea kabisa.

Kwenye intaneti kafe nilinakili orodha ndefu ya majina ambayo viwanda huyatumia kwa vitu vinavyoweza kutoka kwa wanyama. Nilijifunza kwamba E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu, na kwamba E471, kiungo cha kuchanganya mafuta na maji, huweza kutoka kwenye mmea au kwenye mnyama na pakiti isikwambie. E471 ilinisumbua kuliko dhambi zangu zote. Duka nililozoea lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu, mwenyeji wa Kondoa, aliyeuza bidhaa za pande zote mbili za mpaka. Mara ya kwanza aliponiona nimegeuza pakiti ya peremende nikaikazia macho, alivaa miwani akaja kusimama karibu yangu.

"Unatafuta jelatini?"

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo iache, inayo. Ya nguruwe au ya ng'ombe hawasemi, kwa hiyo mimi situmii, nawauzia wasiouliza." Alinitazama vizuri. "Lakini wewe si Mkristo?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Basi mimi natafuta mnyama mmoja, wewe unatafuta zizi zima."

Tangu hapo tulikuwa tunasoma pamoja. Yeye alijua majina ambayo orodha yangu haikuwa nayo, mimi nilimtafsiria Kiingereza kigumu. Nafikiri hapakuwa na mahali Tunduma nilipotulia kama kwenye kaunta ile.

Mama nilikuwa nimemwambia uamuzi wangu kwa simu, wiki tatu kabla ya ile safari ya maswali. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwanamume wa nyumba. Baba alipofariki, firigisi ilihamia kwenye sahani yangu, nami ni mtoto wake wa pekee. Hakuna aliyenitangazia jambo hilo. Nilifunua tu mchuzi jioni moja nikaikuta imewekwa juu ya nyama nyingine, mama akigeukia upande wa pili. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba sitakula tena kitu cha mnyama, aliuliza jambo moja tu.

"Na firigisi nimpe nani?"

Nilimwambia salio linaisha.

Sasa nirudi kwenye viazi. Baada ya viazi vile nilikaa miezi miwili bila kwenda nyumbani. Nilipokwenda, mama hakuwa amewasha moto. Juu ya meza palikuwa na pakiti ya biskuti, imewekwa katikati ya sahani kama chakula cha mgeni.

"Hizi zina maandishi," alisema. "Soma mwenyewe, ule."

Mama yangu husoma kwa shida Kiswahili cha nyimbo za kanisani. Kiingereza hakijui kabisa. Alikuwa amekwenda dukani kunitafutia chakula cha kuaminika, na kwa alivyonielewa, cha kuaminika ni kilichoandikwa. Niligeuza pakiti. Unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, kisha maziwa ya unga. Nilisoma mara tatu. Alikuwa amekaa mbele yangu, mikono mapajani, ananitazama mdomoni.

"Ni safi, mama," nilisema, nikala biskuti tatu.

Sijawahi kuona uso wake ukilegea vile tangu msiba wa baba. Ndiyo maana sikusahihisha. Na kwa kuwa sikusahihisha, wiki iliyofuata kondakta wa basi la Mbozi alinikabidhi kifurushi kutoka nyumbani: pakiti mbili za biskuti zile zile, zimefungwa kwenye kanga. Wiki nyingine tena. Niliziweka chini ya kitanda. Nilimpigia simu kumshukuru kila mara, na kila mara aliniuliza kama zilikuwa na ladha, nikasema zina ladha. Nilikuwa mtu asiyekunywa chai kwa watu mpaka ajue kama sukari ilisafishwa kwa mkaa wa mifupa, na papo hapo nilikuwa mwongo wa kila wiki.

Mwishowe nilibeba pakiti moja mpaka dukani kwa mzee wa Kondoa nimuulize kama angependa kuzichukua awape wajukuu. Alivaa miwani, akasoma.

"Hizi zina maziwa. Zimekufikaje wewe?"

Nilimweleza yote. Hakucheka, ingawa nilitegemea acheke.

"Yaani pakiti ya biskuti ni mkweli kuliko wewe," alisema, akanirudishia. "Wajukuu wangu hawali chakula cha mama wa mtu. Kamwambie."

Nilikwenda Jumamosi. Nilizibeba pakiti zote kwenye mkoba, nane, na njia nzima nilikuwa napanga sentensi. Niliogopa jambo moja tu: kwamba safari hii hatanipa hata viazi, kwamba atachoka nami na nitakuwa mgeni nyumbani kwetu. Nilimkuta nje ya jiko anapepeta maharage. Nilimwamkia, nikaziweka pakiti miguuni pake, sentensi zangu zote zikanipotea.

"Zina maziwa," nilisema. "Tangu ile ya kwanza."

Aliendelea kupepeta. "Ile ya kwanza ulikula."

"Tatu, mama."

"Mbele yangu."

"Ndiyo."

"Ungenidanganya kuhusu mwanamke ningekuelewa. Biskuti?" Aliweka ungo chini. "Na mimi najiuliza, mtoto anakula biskuti zote hizi mbona hanenepi."

Nilianza kuomba msamaha. Nilikuwa na msamaha mrefu. Alinikatisha.

"Kilichoniuma si hizo. Ulinihoji mlangoni kama unakagua mzigo wa mtu usiyemjua. Ingia ndani. Kaa hapo kwenye kigoda, uone kinachoingia. Hutauliza kitu."

Baba, maisha yake yote, hakupita mlango ule isipokuwa kuomba kaa la moto. Niliinama nikaingia. Alinipa majani ya maboga niyamenye nyuzi, nikayamenya vibaya, akayarudia. Aliniagiza nimletee sufuria iliyokuwa ukutani pamoja na kifuniko chake. Niliitambua. Ilikuwa ile aliyoibeba kwa jirani. Karibu na kishikio cha kifuniko palikuwa na kibandiko cha dukani, kimekauka na kufifia kwa mvuke, lakini jina la kiwanda bado lilisomeka. Siku ile ya maswali kilikuwa kipya, mbele ya macho yangu, aliponifunikia chakula. Kati ya vyote nilivyosoma mwaka ule, hicho sikukisoma.

"Hii ulinunua lini?"

"Nimesema hutauliza." Kisha, akiwa amenipa mgongo, akimimina maji: "Uliponipigia simu kwamba umeacha nyama."

Tulikula pamoja mle ndani, ugali kwa majani ya maboga na karanga. Chumvi ilikuwepo. Katikati ya kula nilikumbuka lile swali ambalo sikulijibu.

"Firigisi unampa nani siku hizi?"

"Nakula mwenyewe," alisema. "Nani ataniona?"

"Tamu?"

Alifikiri. "Ngumu kidogo. Sijui baba yako alikuwa anaona nini."

Imepita miaka kadhaa. Bado sili kitu chochote cha mnyama, na pakiti za dukani bado nazisoma mara tatu. Kwa mama siendi na daftari. Nikifika nakaa kwenye kigoda, namenya nilichopewa, na sijamdanganya tena.