Ufunguo Mfukoni mwa Amisi

Siku ile bado iko nami, mwanangu. Nilikuwa msichana wa kuchunga mashine kwenye radio yetu ndogo pale Kasongo, na fundi Amisi alikuwa juu ya mnara akibadili taa.

Usiufananishe mnara ule na hii ya simu unayoiona leo Kabambare. Hii imebeba vyombo tu. Ule wetu, chuma chote ndicho kilichokuwa antena. Ulisimama juu ya kauri nyeupe, nene kama kinu, iliyoutenga na ardhi, na mashine ikiwaka umeme uliujaza wote, kimya kabisa. Ndiyo maana anayepanda alizima mwenyewe, akaifunga swichi kwa kufuli, akapanda na ufunguo mfukoni.

Akafika kijana kwa pikipiki kutoka Wamaza, matope hadi kiunoni. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri na mazishi ni jioni ileile, kama ilivyo desturi yetu Waislamu. Ndugu wa marehemu, na mama mkubwa wa kijana, walikuwa Lusangi. Enzi zile, tangazo letu tu ndilo lingewafikia kwa wakati.

"Dada, washa," alinisihi. "Mama mukubwa iko Lusangi. Akute kaburi tu?"

Mkubwa wa radio akaja na nyundo ya kuvunjia kufuli.

"Zaina, toka hapo. Ni tangazo moja tu. Amisi iko juu, hagusi udongo. Ndege wanakaa kwenye waya, wanakufa?"

"Ndege hashuki kwa ngazi, papa. Amisi akishuka sasa, mkono kwenye chuma, mguu kwenye udongo, umeme utapita ndani yake."

"Mutoto mukaidi huyu! Nani alikulea?"

"Wewe na Amisi."

Nikaegemeza mgongo kwenye swichi. Kilio cha yule kijana kilikuwa cha kweli. Nikamwambia, "Kaka, nenda chini ya mnara, umuite kwa nguvu zako zote. Lakini chuma usikiguse."

Akaenda, akaita kwa sauti ya msiba. Amisi hakungoja kuuliza, akaanza kushuka. Sisi tulitazama kutoka mlangoni. Alipofika chini, mguu wake ukakanyaga udongo huku mkono ungali umeshika chuma, kama nilivyosema. Mkubwa akaiweka nyundo sakafuni taratibu, kana kwamba ilikuwa yai.

Amisi akafungua kufuli. Tangazo nililisoma mwenyewe, mara tatu. Mama mkubwa alifika udongo ukiwa bado unamwagwa kaburini.

Mwanangu, utakaposimama mbele ya kufuli la mwenzako, wanaokusukuma hawatakuwa watu wabaya. Watakuwa na haraka, na haraka yao itakuwa na sababu. Wahurumie, uwatafutie njia nyingine, lakini usisogee. Anayeshika ufunguo ndiye anayefungua, na anafungua miguu yake ikiwa chini.

Mungu akupe mgongo mgumu na moyo laini, na kila unayemchunga ashuke salama.