Ephantus Anatafuta Pampas

Ephantus Njuguna ni fundi wa kuweldi hapa mtaani Rhonda, na ukitaka geti lisilolia likifunguliwa, nenda kwake. Lakini usijaribu kumuuzia kitu. Kioski changu kimekuwa mkabala na karakana yake tangu kabla hajaoa. Nimeuzia walevi, nimeuzia makanga, nimeuzia mpaka pasta mmoja aliyekuwa akionja sukari kwa kidole, na hakuna aliyenichosha kama Ephantus mwaka ule wa 2008 alipokuwa akimtafutia mtoto wake pampas.

Hapa kwetu pampas ni nepi yoyote ya kutupa, iwe imetoka kiwanda chochote. Na kwenye kioski haiuzwi kwa pakiti. Nani ana pesa ya pakiti? Nafungua, napanga kwenye ndoo yenye kifuniko, mama anapita asubuhi anachukua moja, akijaliwa anachukua mbili, anaenda zake. Hakuna anayeuliza maswali. Ephantus aliuliza.

Mwaka huo, baada ya yale machafuko ya uchaguzi ya Januari, kila mtu alitaka mlango wa chuma, kwa hiyo kazi ilikuwepo. Shida ni kwamba vyuma navyo vilipanda bei mpaka hakikubaki kitu cha kula. Ndipo mkewe, Wangare, akaenda kufunga maua kwenye shamba moja karibu na Kamere, huko ziwani Naivasha. Alilala chumba kimoja na wasichana wenzake, na mwenye nyumba hakutaka mtoto hapo. Kwa hiyo kijana wao, Thuo, ambaye hata miaka mitatu hakuwa amefikisha, akabaki na babake. Mchana alilindwa na Chepkosgei, mama anayekaa na watoto wa watu nyumbani kwake nyuma ya kanisa. Kwake kuna godoro chini, uji saa nne, na sauti inayosikika mpaka barabarani. Wengine walimshangaa Ephantus kumwachia Chepkosgei mtoto wakati yeye ni wa kabila lingine na watu walikuwa wakihamahama kufuata wa kwao. Yeye alisema mtoto anarudi akiwa ameshiba, basi.

Sasa huyo Thuo. Thuo alianza kutembea na siku hiyo hiyo akaanza kukimbia. Ungemkuta chini ya lori, juu ya gunia, ndani ya debe. Na pampas hakuweza kuivumilia. Alikuwa akishika zile gundi za kando, kwararara, anazibandua, halafu anakimbia uchi na kukojoa popote roho inapomtuma. Jumatatu moja Chepkosgei alitokea akiwa amembeba kwapani.

"Baba Thuo!" aliita. "Kuja uchukue huyu. Leo amekojolea sukumawiki yangu ya jioni."

Ephantus alizima mashine. "Lakini nilimvalisha, mama."

"Ulivalisha, akavua. Mimi niko na watoto wengi, siwezi shinda nikishikilia matako ya mmoja. Hii wiki nakupatia. Ikiisha na bado anavua, utafute mahali ingine."

Mahali pengine hapakuwepo, na sote tulilijua hilo. Palikuwepo kwa mamake Ephantus tu, kule Elburgon, ambaye tangu Wangare aondoke alikuwa akiomba apewe mjukuu amlee, na ambaye alikuwa amesema atakuja Jumapili hiyo. Ni mama mzuri. Lakini Januari nyumba zilikuwa zimechomwa kwenye kilima kinachotazamana na shamba lake, na watu wa huko bado walikuwa wakilala na viatu, tayari kukimbia.

"Nikimpeana," Ephantus aliniambia, "Wangare atakuwa anamwona saa ngapi? Na mimi je, mathe?" Mathe ni mimi, mama wa kioski, na aliyasema hayo akiziangalia nyanya zangu. Nilimwonea huruma. Huruma hiyo haikufika kesho yake.

Kwa sababu kesho yake alikuja amempima mtoto kwa tepu ya chuma.

"Nipatie ya inchi kumi na tisa na robo."

"Pampas haiuzwi kwa inchi, Ephantus."

"Inauzwa na nini?"

"Kilo."

Akaenda moja kwa moja kwa yule muuza viazi, wakamtia Thuo ndani ya gunia, wakamtundika kwenye mizani. Thuo alifurahi ajabu. Alijibembeza huku na huku, mshale wa mizani ukakataa kutulia, na wateja wa viazi wakaacha kununua ili watazame. Ephantus akarudi na jibu.

"Iko kati ya kumi na moja na kumi na sita."

"Huyo ni mtoto mmoja ama wawili?"

Hakucheka. Nikampa ya kati. Saa sita akairudisha. Narudia, aliirudisha!

"Hii imekataa, mathe. Nibadilishie."

"Imekataa nini?"

"Kushika."

"Ephantus, hiyo imeshavaliwa!"

"Kidogo tu. Bawaba ikikataa si narudisha dukani napewa ingine?"

"Basi mvalishe bawaba."

Akachukua kubwa. Ikarudi. Akachukua ya kampuni nyingine. Ikarudi. Kila moja alikuwa ameikunja vizuri, na kunieleza kasoro yake kama mtu anayeripoti geti lililopinda. Mimi nilizitia kwenye mfuko chini ya meza, ili siku nitakayofoka nifoke nikiwa na ushahidi mkononi.

Halafu mteja wake mmoja, mtu wa kuvaa tai, akamwambia kuna pampas zisizo na gundi, unampandishia mtoto kama chupi. Basi ikawa wimbo. Mathe, zile za kupandisha. Mathe, umeuliza zile za kupandisha? Nilienda mjini kwa Vidya, nyuma ya soko, ambako hununua vitu vyangu kwa jumla. Familia yake ilianza kuuza vitu vya watoto enzi za nepi za kitambaa na pini.

"Rahab, hii Rhonda hutauza," alinionya. "Bei iko juu."

"Najua."

"Sasa nunua ya nini?"

"Kuna fundi mmoja atanitoa roho."

Akaniuliza kama mtoto anatembea. Nikamwambia hatembei, anakimbia. Akapanda ngazi, akaniteremshia pakiti, na kunisisitizia kwamba picha ya dubu ikae mbele.

Ephantus alimvalisha mbele ya kioski changu. Na kusema kweli ilikaa vizuri. Ilishika kiuno, ikashika mapaja, na Ephantus akaivuta hapa na pale akiijaribu.

"Hii ndio yenyewe," akasema.

Thuo aliinama, akamtazama dubu. Akaingiza vidole gumba kila upande, akaisukuma mpaka kwenye vifundo vya miguu, akatoka ndani yake mguu mmoja mmoja, akaniletea.

"Shosh, shika," akasema, kama mjukuu kwa bibi yake.

Kitu kinachopanda kinashuka pia, na hakuna aliyeliwaza hilo kabla sijalipa nauli ya kwenda mjini. Nilitaka kulia. Nikafunga dirisha la kioski saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata kwa mazishi.

Ephantus naye hakukata tamaa, na heri angekata. Sisi hapa kila kitu tunafunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Gunia la makaa, kreti ya soda kwenye keria, madigadi iliyolegea, kila kitu. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi akakata ukanda, akampandishia mtoto pampas, akaifunga kiunoni kwa tyubu, akashusha fulana juu yake, akampeleka kwa Chepkosgei bila kumwambia mtu.

Alasiri Chepkosgei akaja. Hakuita. Alivuka barabara polepole, akamsimamisha Thuo mbele ya babake, akainua fulana. Mstari mwekundu ulikuwa umezunguka tumbo lote.

"Umefunga mtoto kama makaa," alisema.

"Nilidhani italegea, mama."

"Jumapili nyanyake akikuja, mpatie aende na yeye."

Ephantus aliketi juu ya mkebe wa rangi. Alimvuta Thuo katikati ya magoti yake, akawa anausugua ule mstari kwa kidole gumba kana kwamba ungefutika, na Thuo akawa anacheka kwa kutekenywa. Nilimhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na hasira ndiyo iliyowahi kutoka. Niliuburuta ule mfuko.

"Na hizi je? Nani atavaa hizi? Umeniletea mikojo ya mtoto wako ndani ya duka la chakula!" Nikaingiza mkono ndani ya moja nimwonyeshe ilivyolowa.

Ilikuwa kavu.

Nikaingiza kwenye nyingine. Kavu. Nikazitoa zote, nikazipapasa moja baada ya nyingine hapo barabarani, mwanamke wa umri wangu. Zote zilikuwa kavu.

"Ephantus, huyu hukojoa saa ngapi?"

"Akishavua. Akivua tu, anakojoa."

Chepkosgei alinitazama, kisha akamtazama Thuo. "Kwani huvua ndio akojoe?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipokosa pa kwenda. Tangu Jumatatu watu wazima watatu tulihangaika na tepu, mizani ya viazi, gundi na tyubu, tukishindana na mtoto aliyekuwa akituambia kwa njia pekee aliyoijua kwamba yeye anataka kwenda choo. Hakuna aliyemwonyesha. Choo cha ploti, cha wapangaji wote, ni shimo refu, hata mimi hukiogopa. Kwa kuwa nilihitaji kumfokea mtu, nilimfokea Ephantus, maana ndiye aliyekuwa karibu.

"Kesho mlete," Chepkosgei alisema nilipomaliza. "Mvalishe hiyo ya kupandisha, na usiniletee huo upuzi wa tyubu. Nitaweka poti ya kukalia nyuma ya mlango. Lakini sijasema atabaki. Nitaona."

Ijumaa ikapita kimya. Jumamosi jioni akaja kununua chumvi, akaniambia kwamba Thuo huishusha mwenyewe, huketi, humaliza, kisha huipandisha mwenyewe, ila dubu huishia ubavuni. Halafu akapaza sauti ili Ephantus asikie ng'ambo: "Jumatatu mlete. Ako na akili kushinda wewe."

Mamake Ephantus alifika Jumapili akiwa na minji, njegere za shambani kwake, na blanketi safi ya kumbebea mjukuu. Alielezwa. Hakuamini mpaka Thuo alipoenda kwenye poti mbele ya macho yake na kurudi akijipigia makofi. Bibi akakunja blanketi akairudisha kikapuni, akasema atakunywa chai kisha awahi gari la Elburgon. Hakuonekana kufurahi sana. Ephantus alikuwa ameketi mlangoni pa karakana akitabasamu kama mjinga, nami nikadhani mambo yameisha.

Alasiri Wangare akatokea, bila kumwarifu mtu. Alikuwa amepewa siku moja ya kupumzika, na alikuja amekumbatia mfuko mweusi kifuani. Ndani yake mlikuwa na pakiti nzima ya pampas za kupandisha, zenye dubu, kubwa kuliko ile yangu.

"Nimeuliza kila mtu huko kazini," alisema akihema. "Niliwaambia niko na kijana hatulii, wakasema hizi. Hata supavaiza nilimuuliza."

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Ephantus alijikuna kichwa, na mamake ndiye aliyejibu, maana wazee hawazungushi maneno.

"Huyo siku hizi anaenda poti, Wangare. Hataki hizo tena."

"Tangu lini?"

"Juzi."

Wangare alicheka kidogo. Kisha akaketi kwenye kreti yangu, akapasua nailoni kwa meno, akatoa moja.

"Thuo, kuja mami akuvalishe."

"Lakini ameshaacha," Ephantus akaanza.

"Nimesikia."

Na Thuo, aliyeshinda mizani, aliyeshinda gundi na tyubu, alikuja akasimama. Alishika nywele za mamake kwa mikono miwili, akainua mguu mmoja, akainua wa pili. Wangare alimpandishia taratibu, akamweka dubu sawasawa mbele, akabaki amemshika kiuno hapo kwa muda mrefu. Mimi nikajifanya napanga vitunguu. Jioni akapanda gari akarudi kazini.

Jumatatu, kabla sijafungua vizuri, Ephantus alipita akimvuta mtoto kwa mkono. Pampas ilikuwa bado mwilini. Ilikuwa imejaa mpaka imening'inia magotini, na Thuo alikuwa akitembea ametanua miguu, ameishikilia kiunoni kwa mkono wake mmoja isianguke.

"Amekataa itolewe," Ephantus aliniambia, macho mekundu. "Nikiigusa analia. Poti nayo amekataa. Mathe, sasa huyu mama atanifukuza."

Chepkosgei alikuwa ameshatufikia kutoka nyuma ya kanisa, amejishika kiuno. Nilingoja sauti yake. Alimwangalia mtoto juu mpaka chini.

"Nani alikuwa hapa jana?" aliuliza.

"Mamake. Ndiye aliyemvalisha hiyo."

Chepkosgei akainama, akamnyanyua Thuo hivyo hivyo na mikojo yake, akamweka begani.

"Wewe enda kazi," alimwambia Ephantus. "Usimwambie avue."