Mkia wa Kiputo

Shangazi yangu ana mdomo, na asikudanganye mtu, mdomo huo ndio uliotulisha. Kaka yake, ambaye ndiye baba yangu, alikuwa akichora katuni ya Kishada kwenye gazeti la Jumapili, yule jamaa mwenye joho anayepaa juu ya mabati ya watu akiokoa huyu na yule. Maneno yote ya Kishada yalitoka kwa shangazi. Aliyaandika kwa wino ndani ya yale maduara tunayoyaita viputo, kila kiputo na kimkia chake kinachoelekea kwa anayesema. Picha zikikamilika alizibana kwenye kamba chumbani zikauke, dirisha wazi. Upepo ukiingia, Kishada alipaa kweli. Utotoni nilikuwa nalala mchana chini ya kamba ile, na mpaka leo nikisinzia namwona akipita darini, joho lake likinigusa usoni.

Halafu baba akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, sauti ikaenda. Akawa mtu wa kiti cha dirishani, kutwa anatazama mawingu.

Picha ya mwisho aliyoichora ilibaki mezani. Kishada yuko hewani juu ya uwanja uliojaa watu, mkono kaunyoosha, na pembeni yake kiputo kikubwa kitupu, hata mkia hakina.

Zilikuwa siku za kampeni. Mhariri akaja mwenyewe nyumbani, na matunda. Alipoiona ile picha macho yakamng'aa.

"Dada, hapa hapa. Kishada awaambie watu wachague chama gani. Unakijua."

"Na asipowaambia?" akauliza shangazi.

"Basi ukurasa wake tutaujaza tangazo." Alisema kwa upole, utafikiri anatupa pole ya msiba.

Basi shangazi, mwenye maneno ya kila mtu, akakosa la kuandika. Siku zikapita kainamia kiputo. Akiosha vyombo nilimsikia akimsuta Kishada: "We mwanaume, miaka yote hii unapaa tu. Hivi unaamini nini?" Nilicheka, lakini moyoni niliogopa sana. Kishada ndiye aliyekuwa amebaki kwa baba. Wakimgeuza kipaza sauti cha wakubwa, baba angebaki na nini pale dirishani?

Siku ya kupeleka picha ikafika. Mchana ule joto lilikuwa la kulewesha, picha za zamani zikipepea taratibu kwenye kamba, na sisi watatu kama tuko ndotoni. Shangazi akaichukua ile picha, akamwekea baba mapajani.

"Kaka, nimeshindwa. Huyu ni wako. Niambie anataka nini."

Baba akaitazama muda mrefu. Kisha akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, mkono ambao maishani mwake haukuwahi kuchora hata duara, akaanza kukitia kiputo mkia. Mstari ulitetemeka. Nilidhani anaupeleka kwa Kishada, lakini ukampita. Ukashuka hadi kwenye umati, ukaenda kusimama mdomoni kwa mama mmoja mwenye ndoo, kachorwa mdogo kule nyuma, hata mimi sikuwa nimemwona.

Shangazi akaketi sakafuni pale pale, akaandika bila kuinua kichwa: "Shuka kwanza, mwanangu. Huko juu hatusikilizani."

Baba akacheka. Nusu ya uso tu ndiyo iliyocheka, lakini kicheko kilikuwa chake.

Jumapili ukurasa ule ulikuwa na tangazo la sabuni. Shangazi alimtukana mhariri mpaka majirani wakafunga madirisha. Baba hata gazeti hakuligusa. Alikuwa ameomba karatasi mpya kwa ishara, na mkono wa kushoto unahangaika. Kishada akatoka na miguu iliyopinda, mmoja mrefu kuliko mwingine, lakini yote miwili ilikuwa imekanyaga chini, na ile ndoo alikuwa ameibeba yeye. Juu ya yule mama palikuwa na kiputo kitupu. Baba akamsogezea shangazi kalamu.