Upasuaji Usio na Kovu

Mashavu Semboja, mkulima wa Kang'ata wilayani Handeni, aliogopa kisu kuliko maumivu. Dada yake alipasuliwa ubavu kwa ajili ya jiwe la figo, na tangu hapo hajajitwika ndoo. Mashavu naye alipoambiwa ana jiwe, limekwama kwenye mrija unaotoka figo ya kushoto, alikaa miezi minne akinywa dawa za mizizi.

Binti yake Hafsa, anayeishi Kilole mjini Korogwe, ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari hakumchana. Alipitisha kifaa chembamba chenye kamera kwenye njia ya mkojo, akalivunja jiwe kwa leza.

"Nimekuachia mpira mwembamba ndani ili mkojo upite," alimwambia. "Rudi baada ya wiki tatu niutoe. Mpira ukikaa sana utaota mawe, mama, na figo tunaweza kuipoteza."

Huko Kang'ata, mtu aliyepasuliwa hupelekewa uji na hashiki jembe mpaka kidonda kikauke. Wifi yake Munira alitua chupa ya uji, akamtazama ubavuni.

"Kidonda kiko wapi, wifi?"

"Hakuna. Walipitia chini."

"Basi palizi ikifika, na mimi nikapasuliwe hivyohivyo."

Wanawake wakacheka. Mashavu naye akacheka. Kesho yake alikuwa shambani.

Wiki ya tatu ilimkuta katikati ya palizi. Aliona haya kuaga tena safari ya hospitali bila hata mkwaruzo wa kuonyesha. Hafsa akipiga simu, alimjibu kuwa atakwenda Jumatatu. Jumatatu zikapita. Usiku alijishika ubavu, akiuwazia ule mpira ukiota mawe kimyakimya.

Wiki ya kumi na moja mkojo ulikuwa mwekundu. Munira alimkuta amekaa kati ya mahindi, anatetemeka juani.

"Nilitakiwa nirudi wakanitoe kitu," Mashavu alisema.

"Lini?"

Alipomwambia, Munira alilaza jembe chini, akaenda kutafuta pikipiki.

Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha mpira umevikwa mawe ncha zote mbili. Baada ya siku tano za sindano za homa, daktari alieleza kwamba ncha ya chini ataifikia kwa njia ileile, lakini ya juu itabidi atoboe tundu dogo mgongoni, moja kwa moja hadi kwenye figo.

"Figo yenyewe ipo?" Mashavu aliuliza.

"Sijui bado."

Alipozinduka, mkono wake ulikwenda mgongoni kabla hajafumbua macho. Ulikuta bandeji, na bomba lililoteremka hadi kwenye mfuko kando ya kitanda. Mpira umetoka, muuguzi alisema. Figo ikifanya kazi, mkojo utaonekana humo.

Munira alikuwa amekaa karibu na chupa ya uji. Hakuomba kuonyeshwa kidonda. Wote wawili waliutazama mfuko. Saa sita ulikuwa mtupu. Saa nane ulikuwa mtupu.

Karibu na saa kumi likadondoka tone moja, jekundu, kisha kwa muda mrefu hakuna kitu, kisha la pili.

"Inafanya kazi," muuguzi alisema.

"Kiasi gani?" Munira aliuliza.

Muuguzi aliandika saa kwenye karatasi, akasema wasubiri.