Mate ya Immakulata

Immakulata hupika pombe ya mtama pembeni mwa mji wa Kasulu. Kwa miaka mingi hakuna posa wala ubatizo uliopita mtaa ule bila chungu chake, na si kwa sababu anajua kubembeleza wateja. Ukimwambia pombe yake nyepesi, anakuonyesha njia ya kisimani.

Kwetu chungu hakiguswi mpaka aliyepika avute mrija wa kwanza mbele ya watu. Akimeza akabaki amesimama, basi hakuna sumu, na wageni huinama na mirija yao. Mila hiyo ndiyo iliyomponza.

Wakati wa chanjo ya Uviko alipanga foleni zahanati pamoja na mumewe, Venanti. Venanti alirudi kimya, na shati lake la mikono mirefu. Immakulata alirudi akilitangaza bega lake sokoni kote. Wiki hiyohiyo Ndayiragije, fundi baiskeli, akanywa kwake, na kesho yake akaamka na homa. Zahanati wakamtoboa kidole, wakamwambia ni malaria. Yeye akasema malaria imeamshwa: chanjo ya mama huyu inavuja kwenye mate, inashuka na mrija, inaingia chunguni.

Immakulata akamfuata kijiweni kwake.

"Chungu kile mlikunywa wangapi, baba?"

"Tulijaa ua mzima."

"Waliougua?"

"Mimi. Damu yangu nyepesi."

"Na masika ya mwaka jana uliugua nini?"

"Malaria."

"Mwaka juzi?"

"Malaria. Lakini mama, miaka hiyo ulikuwa hujachanjwa!"

Mtu wa namna hiyo utamshindaje? Uvumi ukapanda bodaboda, ukamfikia Niyonkuru, aliyekuwa akisubiri wakwe kutoka Nyakitonto waje kumposa binti yake. Mtama wa shughuli hiyo ulikwisha kuoteshwa, kusagwa na kupikwa; pombe ilikuwa inachemka yenyewe vyunguni. Nayo haijui kusubiri. Ikipita siku yake ni siki, na kazi yote imekwenda na maji.

Niyonkuru akaja mbio. "Mama, nakuomba, safari hii usionje."

"Aonje nani?"

"Asionje mtu."

"Wakwe zako wainamie chungu kisichoonjwa?"

Niyonkuru akashika kichwa. "Watasema nataka kuwaua!"

Immakulata alimwacha azunguke ua mara kadhaa, kama mnunuzi anayejifanya anaondoka. Kisha akasema, "Venanti ataonja."

"Huyu hakuchanjwa?"

"Si huyo hapo? Muulize."

Venanti akacheka. "We Niyonkuru, mtu mzima mimi, unaniona wa kukimbilia sindano?"

Niyonkuru akalichukua hilo kuwa jibu.

Siku ya posa Venanti alionja. Alionja kwa muda mrefu kuliko mila inavyodai. Wakwe wakanywa, wakaimba, wakaelewana mahari. Hakuna aliyeugua. Ndayiragije alikunywa kuwashinda wote, na asubuhi kichwa kilipomgonga alisema kwa fahari kwamba hiyo ni pombe halali.

Jumapili, nje ya kanisa, Niyonkuru aliisifu pombe safi isiyo na chanjo. Immakulata akashindwa kuvumilia.

"Mimi na Venanti tulichanjwa siku moja. Foleni moja, muuguzi mmoja. Mkatae sasa!"

Venanti akaangalia viatu vyake. Ndayiragije akajikuna kidevu, akatafakari kama anayekagua gurudumu lililopinda.

"Basi inayovuja ni ya wanawake tu," akasema.

Vichwa vikatikisika kukubali. Mmoja akaongeza kwamba hata shemeji yake wa Kibondo alisema hivyohivyo.

Immakulata alifungua mdomo kumjibu. Niyonkuru akamuwahi: harusi imekaribia, anataka vyungu maradufu, mradi tu mwonjaji awe Venanti. Immakulata akafunga mdomo. Kisha akaufungua tena, kutaja bei mpya.

Alipofika nyumbani alimkatia mumewe mrija mfupi, unaofika kwenye povu tu.