Kulinganisha Wasifu wa Baba

Baba alipofariki sikulia. Nilikaa tu nyumbani kwetu Pangani, Kibaha, moyo umekufa ganzi, watu wakinipa pole nami nikiitikia.

Baba alikuwa na nyumba mbili: yetu, na ile ya Kisarawe ya mama mdogo, mke wake wa pili, na wanawe wawili. Kila nyumba iliandika wasifu wa marehemu wa kusomwa makaburini, ikanitumia mimi. Baba mkubwa akasema marehemu ni mmoja, basi na wasifu uwe mmoja. "Wewe mtu wa kompyuta, linganisha," akaniambia. Mama akaweka sharti lake: watoto wa Kisarawe wasitajwe.

Nilikuwa na skripti, programu ndogo niliyoiandika kazini ya kulinganisha mafaili. Nikaiendesha. Loo, ukurasa mzima mwekundu kwa tofauti! Kitu chenyewe kinakamata kila nukta na kila nafasi iliyozidi, hakijui lipi la maana. Baba mkubwa akavaa miwani, akauliza damu yote hiyo ya nini.

Nikaanza kuirekebisha pale pale, kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kina mama wakichambua mchele pembeni. Nikaiambia isijali nukta wala nafasi. Alama za kujumlisha na kutoa, zilizoonyesha kilichoandikwa na nyumba moja tu, nikazitoa, nikaweka maneno: "Kibaha tu", "Kisarawe tu". Shemeji yangu akanung'unika kwamba baba yuko mochwari na mwenzetu anacheza na kompyuta. Nikamwacha aseme. Kusema kweli, siku ile nilikuwa siwezi kazi nyingine.

Safari hii ikatoka safi. Kuzaliwa, shule, kazi, kuugua, vyote sawa. Kwenye watoto, chini ya "Kisarawe tu" kulikuwa na majina mawili. Chini ya "Kibaha tu" hakuna kitu. Nikadhani nimeiharibu, nikaiendesha tena. Hakuna kitu. Mama mdogo alikuwa ametuandika sote, wa Kibaha na wa Kisarawe, kwa kufuatana tulivyozaliwa, na mama yangu amemtanguliza kama mke mkubwa.

Nikampelekea mama kompyuta chumbani, alipokuwa amekaa kwenye godoro la msiba. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Nilingoja aniambie nifute yale majina mawili, na ningeyafuta, maana sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

"Usomwe wa kwao," akasema. "Halafu mpigie mama yako mdogo. Mwambie aje tukae naye humu ndani."