Redio Iliyonyooshewa Gitega

Kwa miaka miwili Nduwayo, fundi viatu wa Kimisagara jijini Kigali, alikuwa akimdanganya dada yake bila haya. Dada Mukandekezi, aliyebaki Gitega, ng'ambo ya mpaka, walikokulia, humpigia simu kila Jumamosi jioni: "Umesikia salamu zangu redioni?" Naye hujibu, "Nimesikia, dada. Umesema vizuri sana." Kumbe hajawahi kusikia hata kikohozi chake.

Si kwamba hakujaribu, maskini. Kituo chenyewe cha Gitega ni cha AM, na mchana mawimbi yake huishia njiani. Mpaka jua lizame ndipo anga inapoyarudisha chini huku mbali. Nduwayo alilijua hilo. Jua likizama huzima taa, friji na chaja zote ili kupunguza mikwaruzo, mwanawe Audace na wadogo zake wananung'unika gizani, kisha huweka redio dirishani na kuvuta antena mpaka mwisho, ameilaza, ncha ikinyooshea Gitega kama kidole. Na bado hupata shshsh tupu.

Jumamosi iliyopita asubuhi dada akamwambia, "Leo nitakuuliza nimesema nini." Jioni akamwita Claudette, jirani anayetengeneza redio.

Claudette alicheka mpaka akakaa chini. "Papa Audace, hiyo antena ni ya FM! Ya AM iko ndani, kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, kimelala sambamba na hiyo. Kinasikia kwa ubavu. Kwenye ncha iko kiziwi kabisa, na wewe ncha ndiyo unaelekeza Gitega!"

Akaigeuza redio robo duara tu. Sauti ya dada ikajaa chumba, ile ile ya kumwita aje kula utotoni, na Nduwayo akalengwalengwa na machozi.

"...na mdogo wangu Nduwayo wa Kigali, anayenisikia kila wiki. Nduwayo, miaka miwili nimeshindwa na foleni hapa studio. Hizi ndizo salamu zangu za kwanza. Muongo mkubwa we!"

Claudette akaziba mdomo kwa kanga. Simu ikaita.

"Umesikia?"

Nduwayo akapiga hesabu haraka. Akikubali, wameumbuka wote wawili.

"Hapana, dada. Leo mikwaruzo tupu."

"Pole," dada akasema, kwa upole asiokuwa nao siku zote. "Nilisema vizuri sana."

"Najua, dada."